Ndege Aliyekohoa

Mtu akiniuliza kazi yangu, namwambia nahesabu ndege, halafu namsubiri amalize kucheka. Swali linalofuata ni lile lile kila mara: "Na unajuaje kama hujamhesabu yule yule mara mbili?" Ni swali zuri kuliko mwulizaji anavyodhani.

Nimekulia Igoma, nyuma ya meza ya dagaa ya mama yangu. Alikuwa anapima kopo, anarudia kupima, kisha anamwacha mteja alalamike mpaka achoke, na bei inabaki pale pale. Kwenye kuhesabu ndege nimeingia nikiwa na mafunzo hayo tayari. Chuo kilinipa darubini na majina ya Kilatini.

Daraja la Kigongo–Busisi lilipoanza kupitisha magari, malori yakahitaji pa kulala. Mfanyabiashara mmoja akapata eneo upande wa Busisi, kwenye ghuba ndogo iliyojaa mafunjo, akataka kulijaza kifusi liwe yadi. Kabla ya kumwaga kifusi lazima ifanyike tathmini ya mazingira, ndipo nikatumwa mimi na mwenzangu, mwanamume mrefu anayevaa mabuti hata akiwa ofisini, tukaangalie kuna nini mle ndani.

Mle ndani kulikuwa na mama mmoja na panga lake. Alikuwa mjane, akikata mafunjo na kufuma majamvi, na majamvi hayo ndiyo yaliyokuwa yakilisha nyumba. Hakuwa anakata ovyo. Alikata fungu moja, akaliacha jingine likomae, akizunguka ghuba kama mtu anayepalilia shamba. Bikoni za mipaka ya yadi zilikuwa zimepigwa katikati ya mafungu yake.

"Haya yakifukiwa," alituambia siku tunafika, "mimi nitafuma nini? Nywele?"

Tulihitaji mtumbwi wake.

"Mama, tupeleke kesho saa kumi na moja alfajiri."

"Saa moja."

"Saa moja ndege wameshamaliza kuimba."

"Basi waambie waimbe polepole."

Tukakubaliana saa kumi na mbili kasorobo, kila mmoja akinung'unika, maana yake tulikuwa tumepatana vizuri.

Tuliyekuwa tunamtafuta hasa ni ndege mmoja mweusi mgongoni, mwekundu kifuani, mwenye utosi wa manjano. Nje ya mafunjo haishi. Akiwepo, hakuna ripoti inayoweza kusema pale ni pori tupu. Shida ni kumwona, kwa sababu hujificha katikati kabisa. Kwa hiyo tunatumia spika ndogo. Tunacheza sauti yake, tunazima, tunasikiliza. Kama yupo, anajibu kwa ukali, kama mwenye nyumba aliyesikia mgeni amekaa kwenye kiti chake.

Asubuhi hiyo mama alimvusha mwenzangu ng'ambo ya ghuba, akarudi kunichukua. Ghuba imepinda, hatukuweza kuonana. Kila mmoja alikuwa na spika yake, na sauti ile ile, ambayo mwenzangu aliirekodi mwenyewe zamani upande wa Magu. Nikacheza, nikazima. Ng'ambo akanijibu ndege. Nikasogea, nikacheza tena. Akajibu mwingine. Mwenzangu naye kule alikuwa anajibiwa vizuri sana. Tulipojumlisha tulipata ndege kumi na mmoja.

Mama aliposikia, aliacha kasia likaelea. "Kumi na mmoja? Basi yadi itafute pa kwenda." Mchana huo alitupikia sato na ugali, akakaa kututazama tukila kama watu waliomshindia kesi.

Lakini mimi huwa simalizi kuhesabu kwa kuhesabu mara moja. Kila kituo tunakirekodi kwa simu zetu, jioni nasikiliza upya. Nikakaa kwenye mgahawa jirani na kivuko cha zamani, spika za masikioni zikiwa mahali pake, chai inapoa. Kituo cha kwanza, ndege akajibu. Mwishoni mwa jibu lake, kwa mbali, kikatokea kikohozi. Nikarudisha. Ndege akaimba, akakohoa. Kituo cha pili, akaimba, akakohoa.

Nikamwita mwenzangu, nikampa upande mmoja wa spika.

"Siku ile kule Magu," nilimuuliza, "ulikuwa unaumwa?"

"Mafua tu. Kwa nini?"

"Sikiliza huyu ndege."

Alisikiliza. Akasikiliza tena. Akavua kofia.

"Huyo ni mimi," alisema.

Ndivyo ilivyokuwa. Kikohozi kilikuwa mwishoni mwa rekodi yake ya Magu, nasi tulikuwa tumekizoea mpaka hatukisikii. Wakati mimi nimezima nasikiliza, yeye alikuwa anacheza. Wakati yeye amezima, mimi nacheza. Alfajiri maji yakiwa yametulia, sauti inasafiri mbali kuliko tulivyokadiria. Nikapitia kila kituo, chake na changu, nikifuta ndege mmoja baada ya mwingine. Hakubaki hata mmoja ambaye ningeweza kumtetea.

"Tunamwambiaje mama?" mwenzangu aliuliza.

"Tunamwambia kabla hajawatangazia majirani."

Tulikuwa tumechelewa, majirani walishajua. Alitusikiliza akiwa amesimama, jamvi nusu likiwa miguuni pake.

"Kwa hiyo mlikuwa mnaitana wenyewe kwa wenyewe," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na mmesomea?"

"Tumesomea."

Akakaa chini, akaendelea kufuma, ila mikono haikuwa na mwendo wake. Akauliza bila kuinua uso, "Na kama hamna hata mmoja?"

"Tutaandika hamna," nilisema. Sikupata namna nyingine ya kulisema.

"Basi kesho tuondoke hiyo saa yenu ya kumi na moja."

Tulipanda mtumbwi mmoja wote watatu, spika tumeziacha nyumbani kwake. Kituo cha kwanza, kimya. Cha pili, vyura. Nilianza kuipanga ile sentensi ya ripoti kichwani, na haikuwa inapendeza kwa namna yoyote niliyoipanga. Tulipofika pale ghuba inapopinda, sauti ikatoka ndani kabisa, mluzi mnene, na papo hapo mkwaruzo ukaujibu. Dume huanza, jike hudakia, kwa haraka kiasi kwamba anayesikia mara ya kwanza huandika mmoja. Mama alishika funjo moja kuuzuia mtumbwi usicheze. Kifua chekundu kikapita, mdomoni ameshika uzi wa funjo kavu, akazama nao mahali pamoja. Akatoka mdomo mtupu, akarudi na uzi mwingine.

"Anafanya nini?" mama alinong'ona.

"Anajenga."

Mbele zaidi tukasikia jozi nyingine, huku ile ya kwanza bado inaimba nyuma yetu. Nikawahesabu. Nikawahesabu tena. Wanne.

Mwenye yadi alikuja na gari lake kusikia matokeo. "Wanne tu?" alisema.

"Wanne wa hakika, na kiota kinajengwa. Mwanzo tulipata kumi na mmoja, tukawafuta wenyewe." Nikamweleza jinsi tulivyowafuta, kikohozi na yote. Alicheka mpaka akaegemea gari. Kisha akakunjua ramani juu ya boneti, na hapo nikajisikia niko Igoma. Yeye alitaka nusu ya mafunjo. Mimi nikaanza na mafunjo yote, pamoja na sehemu ya nchi kavu ambayo sikuihitaji, ili niwe na cha kupunguza. Tulimaliza jua likiwa kali. Malori yangeingilia upande wa juu penye changarawe, na kifusi kingegusa kona moja tu. Mapendekezo yetu yaliandikwa hivyo, na yakapita hivyo.

Siku bikoni zinahamishwa, mama alikuwepo. Kona iliyopotea alikuwa ameshaikata yote, amefunga mizigo na kuiegemeza ukutani mwake ikauke. Alinionyesha kwa panga fungu lililofuata kwenye zamu, lile la pale ghuba inapopinda, limekomaa vizuri.

"Hilo ndilo la leo," alisema, "lakini wale wana watoto." Akapanda mtumbwi, akapiga kasia kulipita, akaanza kukata la mbele yake.