Wagombea wanachekana mavazi, fundi ndiye anayeumia

Saa tatu asubuhi. Pasi imeshapata moto, redio inaongea peke yake pembeni, na Mama Makoti amepiga magoti sakafuni akichora kwa chaki juu ya kitambaa cha kijivu. Pini kadhaa amezibana midomoni. Kijana mmoja anayepita nje anachungulia mlangoni na kuuliza kwa adabu zote za mchokozi:

"Shikamoo mama. Mabega yapo leo?"

Wenzake walio nyuma yake wanaangua kicheko. Mama Makoti hainui kichwa. Anatoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, anazichomeka kwenye kitambaa, halafu anajibu bila kupandisha sauti.

"Marahaba. Mabega yapo. Akili ndiyo imeisha, jaribu duka la pili."

Vijana wanaondoka wakicheka zaidi.

"Umeona?" anamwambia mwandishi. "Ndiyo maisha yangu haya. Nikienda sokoni, mabega. Nikienda kupima presha, nesi anashika mkono wangu huku ananiuliza mabega. Nimechoka, mwanangu. Nimechoka hadi kwenye kope."

Karakana yake ni chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la vifaa vya shule na kinyozi. Ndani mna cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia ambayo kona zake zimelainika kwa kuegemewa, na makoti yaliyotundikwa ukutani yakisubiri wenyewe. Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, hukaa kwenye kigoda karibu na dirisha akishona vifungo. Kazi hiyo aliianza kama utani, na sasa hataki mtu mwingine aiguse.

Jina la Mama Makoti alipewa na wateja zamani, kwa sababu alikuwa mwanamke anayeshona nguo ambayo wengi waliamini ni ya mafundi wanaume. Alifundishwa na mjomba wake, mtu mkali asiyecheka, aliyemfumulisha kola moja mara nyingi hadi binti akaanza kulia.

"Mjomba akaniambia, machozi yanaacha doa, kalie kule," anakumbuka, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anatabasamu.

Kwa zaidi ya miaka ishirini amewashonea walimu, mabwana harusi, mawakili na wahudumu wa hoteli. Wiki nzuri alikuwa akitoa makoti manne. Wiki hizi akipata moja anashukuru.

Mambo yalianza kampeni zilipokaribia, pale mgombea mmoja wa ubunge alipoingia karakanani akitaka koti la kuzindulia safari yake. Mama Makoti akamwomba avue shati, apimwe vizuri. Mgombea akasita. Alipovua, fundi akaelewa kwa nini.

Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka, na mfupa ulikuwa umejitokeza mahali ambapo mifupa haitakiwi kuonekana.

"Mama," mgombea alimwambia, "hili libaki humu ndani."

"Mheshimiwa, humu ndani yamebaki mengi," alijibu, akaendelea kupima.

Gazeti hili linaandika habari za bega hilo kwa sababu moja tu: mwenyewe ameshazisema hadharani. Mama Makoti alikataa kabisa kuzungumzia jambo hilo na mwandishi mpaka alipompigia mgombea simu na kupata ruhusa yake.

Koti lilimchukua muda mrefu kuliko kawaida. Aliongeza sponji upande mmoja, akaukata mkono wa kushoto tofauti na wa kulia, akafumua, akarudia. Siku ya kujaribisha, mgombea alisimama mbele ya kioo. Akageuka ubavu. Akageuka tena.

"Akaniambia, 'Fundi, sijawahi kujiona nimenyooka,'" anasimulia. "Nilifurahi kama nimejifungua. Nikampa sharti moja tu. Nikamwambia, baba, mkono wa kushoto usiupandishe juu ya kichwa, koti litapanda nao. Akasema, nimesikia."

Kwa furaha hiyohiyo alilipiga koti picha likiwa kwenye hanga, akaiweka kwenye ukurasa wake wa mtandaoni na maneno machache: "Kazi ya mikono yangu."

Siku ya uzinduzi, umati ulipomshangilia, mgombea akasahau sharti. Alinyanyua mikono yote miwili. Bega la kushoto likapanda hadi karibu na sikio, na mpiga picha mmoja akainasa sekunde hiyo.

Kabla jua halijazama, mpinzani wake alikuwa ameshaiweka picha mtandaoni. Juu yake aliandika: "Bega la kulia chama chake, bega la kushoto upinzani. Mtu ameshindwa kuunganisha mabega mawili, ataunganisha wananchi?"

Nchi ikacheka. Mmoja akaandika kwamba koti limevaliwa pamoja na hanga yake. Mwingine akasema ndani ya bega amejificha msaidizi wa mgombea. Muda si muda mtu akaikumbuka ile picha ya Mama Makoti, akaisambaza, na watu wakahamia kwenye ukurasa wake kama nzi.

"Huyu bwana ndiye alikuwa msomaji," anasema, akimwonyesha mumewe kwa mkasi. "Anakaa pale, anasoma kwa sauti kama anasoma taarifa ya habari. 'Sikiliza hii, mke wangu.' 'Na hii nayo.' Nikamwambia, baba nanihii, zima hiyo simu au nikushonee mdomo, uzi ninao."

Mumewe anajitetea kutoka dirishani. "Nilikuwa natafuta wa kumjibu."

"Ukamjibu nani?"

"Walikuwa wengi," anakiri mzee, na kurudi kwenye kifungo chake.

Bwana harusi mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa. Hakusema sababu, ila alikuwa akiangalia chini. Meneja wa hoteli aliyekuwa ameagiza makoti ya wahudumu wote alipiga simu akasema wameamua kusubiri kwanza, maana wageni wangecheka. Wengine hawakupiga hata simu.

Kilichomuuma zaidi, hata hivyo, hakikutoka kwa mpinzani. Kilitoka kwa mteja wake.

Siku mbili baada ya picha kusambaa, mgombea alitoa video akicheka. "Jamani, mimi msinilaumu," alisema. "Mlaumuni fundi. Nadhani alinipima kwa macho, tena akiwa anasinzia." Kisha akageuza kibao, akaonyesha picha ya mpinzani wake akiwa amevaa suruali fupi. "Lakini afadhali bega langu. Suruali ya mwenzangu imegombana na viatu, haviongei."

Wafuasi wake wakashangilia. Mpinzani akajibu kwa utani wa tai. Huyu akajibu kwa utani wa miwani. Wiki mbili nzima wagombea wawili walikuwa wakipimana kuanzia kofia hadi soksi.

"Bomba la mtaa huu limekauka tangu mwaka jana," anasema Mama Makoti, na sasa chaki inagonga meza kwa kila neno. "Barabara hiyo hapo nje, mvua ikinyesha unavua viatu. Hakuna hata mmoja aliyeandika neno. Soksi! Watu wazima wana watoto na wajukuu, wanatuandikia soksi!"

Nyumbani nako kukawaka moto. Binti yake mkubwa, muuguzi, alikuja mbio aliposikia ile video. Alijua kuna sababu ya koti kukatwa vile, kwa sababu alikuwa amemwona mama yake akihangaika nalo. Alimtaka aseme.

"Mama, weka ukweli pale. Sentensi moja tu. Sema mwili wake ukoje, watu waelewe."

"Mwili wake si wangu wa kusema."

"Yeye anakuuza mchana kweupe, wewe unamlinda?"

"Wewe mgonjwa akikutukana, unatoka nje kutangaza ugonjwa wake?"

Binti hakuridhika. Aliondoka bila kunywa chai, na kwa siku kadhaa mama na mwana wakawa wanasalimiana kupitia kwa baba.

Halafu wakaja watu wa mpinzani. Walikuwa wawili, wamevaa vizuri, wamebeba kamera. Walimpa pole nyingi. Walisema wanachotaka ni dakika moja tu: aeleze mbele ya kamera jinsi mgombea yule alivyo mteja msumbufu, na kama kuna lolote analolijua juu yake, aliseme. Wakaahidi kwamba mheshimiwa wao angemletea cherehani mpya.

Mwandishi anamuuliza kama alishawishika. Anashusha pumzi ndefu.

"Nisikudanganye. Nilitamani. Neno lilifika hapa," anasema akigusa koo. "Nilikuwa na hasira naye hadi usingizi umenikimbia. Lakini nikamkumbuka mbele ya kile kioo, anavyogeuka kama mtoto aliyepewa nguo ya sikukuu. Nikasema, hapana. Nikawauliza wale wageni, nyie mmekuja kushona? Wakasema hapana. Nikawaambia basi mnanizibia mlango, wateja hawaingii."

Alipowaondoa, alivaa kitenge chake kizuri, akaenda ofisini kwa mgombea. Alikaa kwenye benchi asubuhi nzima huku wasaidizi wakipita na simu zao, wengine wakimtambua na kunong'onezana. Hatimaye akaitwa ndani.

"Nikamwambia, mheshimiwa, wewe ulivua shati mbele yangu na mimi nikakufunika. Mimi umenivua mbele ya nchi nzima. Nimekukosea nini?"

Anasema mgombea alifunga mlango, akamwomba msamaha. Alisema ile video ilikuwa utani wa kampeni, kwamba washauri wake ndio waliomwambia acheke ili aonekane hana kinyongo. Akataka kumpa bahasha.

"Bahasha nikairudisha mezani. Nikamwambia, baba, umenitukana kwa kipaza sauti, unaniomba radhi kwa kunong'ona? Nikanyanyuka. Mlango niliuona mwenyewe."

Kwa zaidi ya wiki hakusikia kitu. Kisha asubuhi moja, akiwa anapiga pasi, mgombea yule alikuwa akihojiwa redioni, na mtangazaji akamtania kuhusu koti. Mama Makoti alinyoosha mkono kuzima redio. Mumewe akamwahi.

"Acha kwanza," akasema.

Mgombea alisema kwamba ujanani alikuwa kibarua wa ujenzi, akaanguka kutoka kwenye paa, na mfupa ukaunga vibaya kwa sababu hakupata matibabu mapema. Alisema amelificha bega hilo maisha yake yote. "Fundi yule alinishonea koti la kwanza kunikaa vizuri," alisema. "Alinionya nisinyanyue mkono, nikanyanyua. Baadaye nikamsingizia, na yeye akanyamaza, wakati angeweza kunimaliza kwa neno moja. Mama, nisamehe."

Pasi iliachwa juu ya suruali ya mtu. Harufu ya kitambaa kuungua ndiyo iliyowashtua wote wawili.

"Nililia," anasema. "Kisha nikacheka. Kisha nikaanza kutafuta kitambaa cha kumrudishia mwenye suruali."

Je, mambo yametulia? Hapo ndipo uso wake unapojikunja tena. Jioni ya siku ile ile, mpinzani aliweka picha ya jengo lililoinama, akilifananisha na bega la mwenzake. Watu walipomjia juu, wakiwemo wa chama chake, akaifuta. Hakuomba radhi. Na mgombea mwenye bega, baada ya siku chache za upole, amerudi mtandaoni kuicheka kofia ya mwenzake, akisema imeokotwa jikoni.

"Yaani huyu!" anasema Mama Makoti, akipiga paja. "Huyu huyu aliyeniomba radhi redioni! Nilimpigia simu. Nikamwambia, kofia ile ina fundi wake. Akasema, 'Mama, umenishika.' Ameifuta? Hajaifuta. Nimechoka na hawa watu."

Binti yake amerudi kunywa chai. Hoteli haijarudi. Bwana harusi alishashonewa kwingine. Lakini tangu mahojiano yale, wameanza kuja wateja wa aina ambayo hakuitegemea.

Mmoja amefika sasa hivi: mwanamume wa makamo, mfanyakazi wa posta, aliyevaa sweta kubwa ingawa kuna joto. Anasalimia, anamtazama mwandishi, anamtazama fundi. Mgongo wake umepinda. Anauliza polepole kama kuna mahali pa kuvulia nguo ambapo hapaonekani nje.

Mama Makoti anaweka chaki mezani. Anamgeukia mwandishi na kumwonyesha nje kwa kidevu, na mwandishi anatoka. Mume wa fundi naye anatoka na kigoda chake na kopo la vifungo, na mlango unafungwa nyuma yao.

"Wanakuja hivi karibu kila siku," mume wa fundi anasema kwa sauti ya chini. "Mwenye mguu mfupi, mwenye mkono mmoja. Wengine wametoka mbali. Wamesikia kuna fundi anayejua kunyamaza."

Muda unapita kabla mlango haujafunguliwa. Mteja anatoka ameshika sweta mkononi, hajalivaa tena. Anaaga kwa heshima na kuondoka.

Mama Makoti anasimama kizingitini akiwa na tepu shingoni. Anasema makoti ya wanasiasa hatashona tena hadi kura zipigwe, na pengine hata baada ya hapo. Anachotaka sasa ni kukata sehemu ya karakana kwa mbao, apate chumba kidogo cha kujaribishia, chenye kioo kirefu, kiti na mwanga mzuri. Seremala ameshakuja kupima.

"Aliniuliza komeo aliweke nje au ndani," anasema. "Nikamwambia ndani, baba. Wa kufungua ni mwenye mwili wake."