Bi Ramani Aomba Kustaafu

Mchwa hawana adabu, lakini wana mpango. Walipoingia chumba cha kumbukumbu cha halmashauri hawakugusa mihtasari ya vikao, maana hata mchwa huogopa kuumwa tumbo. Walikwenda moja kwa moja kwenye ramani ya mabomba ya maji, wakaila kuanzia sokoni hadi kwenye matangi, wasibakize hata mshale wa kaskazini.

Nayo ilikuwa nakala pekee. Waliofukia mabomba hayo, enzi mji ukiwa stesheni ya reli na maduka manne, walishafukiwa na wao. Baadaye mji ukapandishwa hadhi ukaitwa jiji, ukapewa bendera, zulia na gari la meya. Mabomba hayakupandishwa chochote.

Aliyebaki ni mama mmoja, tarishi, aliyeibeba ramani hiyo kwapani miaka kumi na moja akiwafuata mafundi shimo kwa shimo. Siku ya msiba huo wa mchwa, wakubwa wakiwa wameshika vichwa, akasema, "Mbona mimi naijua yote?" Ulimi huponza kichwa.

Mtunza stoo, bwana asiyevumilia mstari mtupu kwenye daftari, alifuta "ramani ya mabomba, karatasi, moja" akaandika "ramani ya mabomba, mtu, moja". Namba ya mali ikabaki ileile. Mhandisi wa maji akasaini bila kusoma, kama kawaida yake. Kuanzia hapo yule mama akawa Bi Ramani.

Mwanzoni alicheka. Idara ikimhitaji, ilimwazima kwa fomu. Jioni akienda kwake, mlinzi wa geti alimdai hati ya kutoa mali nje. Watu wa zimamoto walipochelewa kumrudisha waliandikiwa barua kali, na yeye akapewa nakala.

Kisha umri wa kustaafu ukafika, ukapita, ukaongeza miezi minane. Binti yake alikuwa ameolewa mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi, na alikuwa na mimba ya kwanza.

"Mama, unakuja lini?"

"Nakuja, mwanangu."

"Ulisema hivyo tumbo likiwa kama chungwa. Sasa hata miguu yangu siioni!"

Bi Ramani akamfuata mtunza stoo. "Kaka, nataka kustaafu."

"Dada yangu, wanaostaafu ni watumishi. Wewe uko upande wa vifaa, kati ya ngazi na mashine ya kukata nyasi."

"Mbona hiyo mashine mliifuta mwaka jana?"

"Iliharibika. Wewe mzima kabisa, hongera."

"Kwa hiyo nivunjike mguu?"

"Mguu hautoshi, ramani haisomwi kwa miguu." Akachungulia mlangoni, akashusha sauti. "Kifaa hutoka daftarini kikiharibika au kikipotea. Ila kupotea kunataka hati ya polisi."

Siku hiyohiyo Bi Ramani akasimama kaunta ya kituo cha polisi. Askari wa zamu akavuta fomu.

"Umepotelewa na nini, shangazi?"

"Ramani ya halmashauri."

"Mara ya mwisho ilionekana wapi?"

"Hapa. Mbele yako."

Askari akamtazama, kisha akaitazama fomu. Fomu haikuwa na kisanduku cha vituko. "Ina alama ya kuitambua?"

"Pengo la jino la juu, na kovu la koleo kwenye kiwiko."

"Ilipotea lini?"

"Kesho, saa mbili asubuhi."

"Shangazi, kesho haiandikiki!"

"Baba, kwako bomba linatoa maji?"

"Mwezi wa pili huu, hata tone."

"Koki yenu iko nyuma ya choo cha shule, imefunikwa na tairi. Zungusha robo, kushoto."

Askari akaandika kesho, kwa mwandiko wa kupendeza.

Asubuhi simu ya binti ilimwamsha Bi Ramani: uchungu umeanza. Saa mbili kamili mtunza stoo akapokea hati, akapiga mstari kwa rula, akabandika tangazo ukutani: IMEPOTEA RAMANI. ATAKAYEIONA AIRUDISHE.

Bi Ramani akafika stendi akihema. Basi lilikuwa limewashwa. Ghafla, mbele ya magurudumu yake, lami ikavimba kama andazi, ikapasuka, na maji yakaruka juu hadi kwenye paa la chumba cha tiketi.

"Hatutoki mpaka maji yasimame!" dereva akapiga kelele. "Nikikanyaga hapo tunazama wote!"

Mhandisi akaja mbio na mafundi wake, wakaanza kuchimba popote, kama kuku. Mara akageuka, macho yakagongana na ya Bi Ramani. Kila mmoja akajua hesabu ya mwenzake. Mhandisi akimwona, lazima amrudishe stoo, tena ajaze fomu ya mali iliyopatikana, nakala tano. Asipomwona, stendi inageuka ziwa.

Mhandisi akampa mgongo, akalisemesha anga. "Laiti angekuwepo mtu wa kujua koki ilipo!"

Bi Ramani naye akaitazama mbingu. "Watu husema iko chini ya benchi la yule fundi viatu. Lakini mimi mpita njia tu."

Fundi viatu akahamishwa na benchi lake na mteja akiwa bado amekaa. Koki ikaonekana, ikafungwa. Maji yakalala.

Mafundi wakatupa mbao juu ya shimo, basi likapita taratibu. Mhandisi akakimbia ubavuni mwake, uso kaugeuzia upande wa pili, asije akaona mtu.

"Na ya gereza?" akaliuliza anga.

"Chini ya ngazi za bwana jela!" dirisha likajibu.

"Ya machinjioni?"

"Mbili! Ya pili haifanyi kazi, iacheni!"

Fundi mmoja aliandika kwenye mkono wake, akahamia kwenye shati la mwenzake. Basi likaongeza mwendo. Mhandisi aliuliza ya bohari, lakini simu ya Bi Ramani ilikuwa inaita, na yeye akavuta kioo cha dirisha.

"Mama, uko wapi?"

"Nimeshapotea, mwanangu. Jioni nipo hapo."