Meza ya pool ya Kisumu Ndogo iliyochezewa dirishani, na ile nyeusi niliyoiacha Kawangware

Wakuu, mpo?

Leo mvua imenifungia nyumbani, wajukuu wameteka TV, nikasema wacha niwaletee kitu ambacho nimetembea nacho miaka mingi. Ni yangu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Penye aibu nitaiacha aibu ikae pale pale.

Kuna uzi humu jukwaani vijana walikuwa wanabishana ni lini mtu anaacha kucheza pool ya kupoteza wakati na anaanza kucheza ya ukweli. Mmoja akasema ni siku unanunua fimbo yako. Nilicheka peke yangu. Mimi nilifika mashindano na fimbo ya kuazima, ncha yake ikiwa ni kipande cha soli ya kiatu.

Haya, turudi nyuma. Miaka ya themanini, Kibera, upande wa Kisumu Ndogo.

Nilikuwa kijana, nimetoka kwetu karibu na ziwa, nafanya vibarua vya mjengo. Jumamosi mchana tukiachiliwa, tunaelekea kwa Mama Akinyi. Huyu mama alikuwa na baa ya mabati, na siku moja akaleta meza ya pool. Sijui aliitoa wapi. Ilibebwa mabegani kutoka barabarani, watu wakivua kofia wakidhani ni jeneza.

Shida ni kwamba hakuna aliyepima chumba.

Meza iliingia. Fimbo ndiyo haikuwa na pa kukaa. Upande mmoja, kati ya meza na ukuta, palikuwa na nafasi ya mtu kupita akivuta tumbo ndani. Ukiwa huko huwezi kurudisha fimbo nyuma, inagonga mabati.

Mama Akinyi hakutaka maneno mengi. Aliita fundi, akakata dirisha.

Kwa hivyo ule mpira mweupe, unaopigwa na fimbo, ukilala upande wa ukuta, unafungua dirisha, unatoa nusu ya fimbo nje, unapiga kelele "Kichwa!" ili wapita njia wainame, halafu unapiga. Hapo nje palikuwa na mama wa omena, wale dagaa wa ziwani kwetu. Alishatuzoea. Akisikia "Kichwa!" anainama na anaendelea kumpimia mteja.

Sasa shikeni hapa, maana ndipo hadithi yote inapokaa. Fundi alikata lile dirisha juu sana. Fimbo ilikuwa inashuka kutoka juu, kama mtu anachimba. Sisi wote tulijifunza kupiga hivyo, na mkono ukazoea. Hata ukiwa upande ulio wazi unajikuta umeinua fimbo. Kitambaa cha meza yetu kilitobolewa kikashonwa, kikatobolewa tena kikashonwa tena.

Mimi nilikuwa nasifiwa kwa kitu kimoja. Kombora. Napiga mpaka mipira inaruka nje ya meza. Kibanda kizima kinashangilia, mtu ananinunulia soda, naenda kulala nikijua mimi ni hatari.

Hatari kwa nani, sijui.

Mchezaji wetu mkubwa aliitwa Ouma, mekanika, amenizidi umri kiasi. Jumapili moja akaniambia, "Omera, ndugu yangu, twende Kawangware ukaone watu."

Tukatembea. Ngong Road, Dagoretti Corner, tukateremka mpaka Kawangware. Kule kulikuwa na mzee mmoja mwenye ploti, nitamwita Mzee Njoroge. Familia yake ilikuwa pale tangu Kawangware ikiwa mashamba. Nyuma ya nyumba za kupangisha alikuwa na ukumbi, na ndani ya ukumbi meza moja tu, katikati.

Wakuu, nilisimama mlangoni. Unaweza kuizunguka ile meza yote ukiwa umenyoosha mikono na usiguse kitu. Kitambaa hakina uzi hata mmoja wa kushona. Nilijisikia nimeingia mahali pa kuvua viatu.

Mzee mwenyewe alikuwa ametoka kanisani, koti na kofia, mkononi kikombe cha chai. Pombe hakuwa anagusa. Akaniangalia, akasema, "Cheza, kijana."

Nikafungua na kombora. Nyekundu mbili zikaingia, kwa hivyo nyekundu zikawa zangu na njano zake. Nikageuka kumwangalia Ouma kama mtu aliyemaliza kazi. Ya tatu nikakosa.

Mzee akaweka kikombe chini.

Sitaki kutia chumvi. Lakini sijawahi kuona kitu kama kile. Alikuwa anagusa tu. Njano inaingia polepole, inaanguka shimoni bila haraka, na ule mweupe unarudi mpaka mbele ya mshipi wake. Anapiga nyingine, unarudi. Miguu haikusogea ila hatua kidogo huku na kule. Nilikuwa naangalia njano kama kawaida yangu, ndiyo maana nilichelewa kuelewa. Yeye hakuwa anaangalia njano hata kidogo. Alikuwa anaangalia mweupe utalala wapi.

Alimaliza meza mimi nimeshika fimbo kama mlinzi.

Na sikukasirika. Nilitaka kupiga makofi. Nilikuwa nimecheza mchezo muda wote huo na sikuwa nimeujua. Hiyo ndiyo mara ya kwanza niliona mtu akiucheza.

Mchezo wa pili, mweupe ukalala karibu na ukingo. Nikainama na mkono ukafanya ulivyozoea. Fimbo ikapanda juu. Kabla sijapiga, Mzee akaishika.

"Wee kijana. Hapa hakuna ukuta."

Ukumbi ulicheka mpaka mimi pia nikacheka, lakini yeye hakucheka. Akapitisha kidole kwenye kitambaa. Akasema, "Nilisikia nyinyi wa Kibera mnacheza dirishani. Sasa mnataka kunitobolea hii."

Ouma ndiye aliyekuja na jambo lililotupeleka pale. Mzee alikuwa anaandaa mashindano ya mabaa, na sisi tulitaka kuingia. Wengine wote walikuwa wamealikwa. Kibera hapana.

Mzee akafikiri, akanywa chai, akasema maneno ambayo nayakumbuka vizuri. "Leteni mtu mmoja. Akicheza mpaka mwisho bila kuinua fimbo hivyo, mlango uko wazi kwenu wote, siku zote. Akiinua mara moja tu, rudini kwenu mkacheze ajua."

Ajua mnaijua, ule mchezo wa mashimo na mbegu wa wazee wa kwetu. Lilikuwa tusi la adabu.

Njiani tukirudi nilimwambia Ouma mtu wa kupelekwa ni yeye. Akatikisa kichwa. "Mkono wangu ushaharibika, omera. Nikilala usingizi bado unainua. Wewe bado unafundishika."

Sasa niambieni, unajifunzaje kutoinua fimbo kwenye meza yenye ukuta?

Jibu alilitoa Mama Akinyi. Tulimweleza habari yote, akasikiliza akipanga chupa. Halafu akachukua nyundo, akafunga dirisha kwa misumari.

"Yawa, Mama, tutapigaje?" watu wakalia.

"Msipeleke mpira huko," akasema. "Mwenye ataupeleka huko, ni shauri yake."

Wakuu, watu walimchukia huyo mama. Mimi pia kidogo. Lakini angalieni alichofanya. Kuanzia siku hiyo kila shoti ilikuwa na maswali mawili, nyekundu inaingia wapi, na mweupe unalala wapi. Ukilala upande wa ukuta, umekwisha, unampa mwenzako meza.

Nilianza kupoteza kwa watu niliokuwa nawapiga nikila ndizi. Kombora likafa, maana ukipiga kwa nguvu mweupe unaenda unakotaka wenyewe. Mashabiki wangu wakaniuliza kama naumwa. Mmoja akasema mapenzi yamenimaliza. Soda zikakauka.

Nikaanza kupiga polepole. Nikigusa chini ya mweupe, unarudi. Nikigusa juu, unafuata. Nikigusa pembeni, ukifika kwenye ukingo unabadilisha mawazo. Vitu hivi hakuna aliyenifundisha kwa mdomo, ule ukuta ndio ulinifundisha, kwa kuniadhibu kila nikikosea.

Halafu mchana mmoja, watu wawili watatu tu ndani, niliangalia mahali fulani kwenye kitambaa, karibu na mshono, nikasema moyoni lala pale. Nikagusa. Nyekundu ikaingia, mweupe ukatembea, ukapunguza mwendo, ukalala pale.

Nilishtuka kama mtu ameita mbwa wa jirani na mbwa akaja. Niliogopa hata kupiga shoti inayofuata. Nilitoka nje nikasimama karibu na mama wa omena nikipumua. Akaniuliza kama kuna mtu amekufa.

Siku ya mashindano ikafika. Ilikuwa Jumamosi, jua kali. Nusu ya Kisumu Ndogo ilinifuata kwa miguu mpaka Kawangware, Mama Akinyi mbele na kitambaa chake cha Jumapili kichwani. Ouma alinibebea fimbo, hakutaka niishike njiani.

Sitawachosha na mechi za mwanzo. Nilishinda. Nilishinda vizuri mpaka watu wa pale wakaanza kuuliza huyu ni wa nani. Mkono ulikaa chini. Kila nikiinama nilikuwa namuona Mzee amesimama pembeni na kikombe, haangalii mipira, anaangalia kiwiko changu.

Mwishoni nikabaki mimi na yeye.

Sijui niseme vipi raha ya kucheza na mtu kama huyo. Tulikuwa hatupigi mipira tena, tulikuwa tunaulizana maswali. Ananifichia mweupe nyuma ya njano, mimi nautoa taratibu namfichia yeye. Ukumbi mzima ukawa unaangalia mweupe. Hata wetu, ambao maisha yao yote walishangilia kombora tu.

Ikafika hapa. Mimi nimebakisha nyeusi peke yake, ile inayoingizwa mwisho na kumaliza mchezo. Yeye amebakisha njano moja na nyeusi. Nyeusi iko karibu na shimo la kona, mbele yangu, imenyooka. Mtoto angeiingiza.

Isipokuwa ile njano yake ilikuwa imelala nyuma ya mweupe, karibu zishikane. Fimbo haina pa kupita. Njia ya kupiga moja kwa moja ilikuwa moja tu, kuinua fimbo juu ya njano na kuishusha kutoka juu.

Yaani ile shoti ya dirishani. Shoti niliyoipiga maisha yangu yote.

Na wetu waliiona. "Inua!" mmoja akapiga kelele. Halafu wote. "Inua! Otieno, inua! Ni yako!" Watu waliokuwa wanajua masharti, waliotembea jua lote lile kwa ajili ya mlango ufunguliwe, walikuwa wamesahau mlango. Walitaka nyeusi iingie. Mimi pia niliitaka. Mkono ulikuwa unawasha.

Nilimwangalia Ouma, hata yeye alikuwa anasema "inua" bila sauti. Mama Akinyi peke yake alikuwa amekaa kimya, mikono mapajani.

Mzee alikuwa ameweka kikombe chini.

Nikazunguka meza. Nikainama kutoka pembeni, fimbo imelala kabisa, nikaupeleka mweupe kwenye ukingo, ukarudi, ukaigusa nyeusi kidogo. Nyeusi ikasogea mbali na shimo. Ikasimama.

Wetu walilia kwa sauti kama timu imefungwa dakika ya mwisho.

Mzee Njoroge akaingiza njano. Nyeusi sasa ilikuwa mahali pabaya, na mimi nilidhani atanifichia tu tuendelee. Hapana. Aliituma nyeusi ikagonga ukingo, ikavuka meza yote, ikaingia shimo la kati. Mweupe ukatembea mpaka katikati ya meza ukakaa. Nilishindwa na nikapiga makofi, wakuu. Sikuweza kujizuia. Ilikuwa nzuri mno.

Hakunipa mkono. Alienda kwanza upande niliokuwa nimesimama, akapitisha kiganja kwenye kitambaa, polepole, kote. Halafu akawageukia watu wetu waliokuwa wanakaribia kuondoka na hasira.

"Mnaenda wapi? Nani mwingine wa Kibera anacheza?"

Nafikiri hawakuamini. Mama Akinyi akamsukuma Ouma mgongoni mpaka akafika mezani. Nyuma yake wakaanza kujipanga, mmoja mmoja, waliokuwa wananitukana dakika moja iliyopita, wanajipangusa mikono kwenye suruali kabla ya kugusa ile meza.

Nilikaa kwenye benchi nikawaangalia mpaka macho yakanishinda. Nililia, sioni haya kusema.

Tangu hapo tulicheza Kawangware miaka yote. Baadaye nilishinda mashindano mengine, nikashindwa mengine. Mzee ameshatangulia, na yeye pia nilikuja kumshinda, mara chache, na kila mara alifurahi kuliko mimi.

Nilichojifunza ni hiki, vijana. Kuingiza mpira ni kazi ya mtu yeyote mwenye macho. Pool inaanza pale unapojali kinachobaki mezani ukishapiga, na nani atakikuta.

Waliocheza Kawangware au Kibera enzi hizo, jitokezeni hapa chini, hata kama ni kunipinga. Na wengine nina swali moja kwenu, na msinijibu haraka.

Ile nyeusi ningeiingiza. Nimeipiga tena akilini mwangu mara nyingi sana, na kila mara inaingia.

Wewe ungeinua?