Jua la Naserian

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ya ngozi mjini Kajiado, mapema miaka ya tisini, Daktari Msimamizi aliniagiza nimuulize mgonjwa anafanya kazi gani kabla ya kumuuliza anawashwa wapi. Nilikuwa muuguzi mgeni kutoka Ukambani, na Kimaasai changu kilikuwa salamu tu.

Mwaka uliofuata alikuja mama mmoja kutoka Rombo, upande wa Kenya, na bintiye mdogo, Naserian, ambaye hata kuachishwa ziwa hakuwa ameachishwa zamani. Uso wa mtoto ulikuwa na madoadoa kama wa mzee aliyechunga ng'ombe maisha yake yote. Puani palikuwa na kidonda kisichopona, na kila mlango ulipofunguliwa alifumba macho. Mama alitueleza kwamba nyumbani wanamlaumu yeye, kwamba amevunja mwiko, na mumewe anataka kumrudisha kwao.

Mimi nilishuku ukoma. Daktari alikata kipande cha kidonda, kikapimwa Nairobi, na jibu likaja: saratani ya ngozi. Nilimuuliza inawezekanaje kwa mtoto wa umri ule.

"Jua linatuharibu sote, sista, hata wewe ulipokuwa ukija kazini leo," akasema. "Ila wewe unarekebishwa."

Akanieleza kwamba ndani ya kila seli mna DNA, nyuzi mbili ndefu zilizosokotwa pamoja, zenye maagizo ya mwili yaliyopangwa kama herufi. Miale ya jua huzigandanisha herufi zilizo jirani. Hapo huja vimeng'enya, yaani protini za kazi. Vingine hutambua palipoharibika, vingine hukata kipande hicho na kukiondoa, kingine hujenga kipya kwa kufuata uzi wa pili ulio mzima, na cha mwisho huunga. Naserian alizaliwa na kimoja kisichofanya kazi, na kasoro hiyo mtoto huirithi kwa wazazi wote wawili, ambao wenyewe huwa wazima.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyotupeleka Rombo. Baba yake alitusikiliza akiwa ameegemea fimbo.

"Kwa hivyo hata mimi niko nayo?" akauliza.

"Uko nayo, na mama yake yuko nayo. Hakuna aliyeitafuta," Daktari akamjibu.

Baba akasema, "Basi hakuna wa kurudishwa kwao."

Nyumba yao, yenye kidirisha kidogo kama ngumi, ilimfaa mtoto kuliko wodi yetu. Mchana alikaa humo, na baba akamnunulia kofia pana.

Nilipohamishiwa Kitengela, miaka ya elfu mbili, Naserian alikuja kukaguliwa akiwa msichana mkubwa, amevaa glavu na miwani myeusi. Jicho moja lilikuwa limeshatolewa. Aliniuliza kama vile vimeng'enya vingine bado anavyo. Nikamwambia anavyo.

"Basi wanajikaza bila mwenzao," akasema, akacheka.

Sasa nimestaafu, ninapalilia vitunguu Matasia. Saa sita jua likiwaka mgongoni, huwa nasimama na kujiuliza ni wapi mwilini mwangu panapokatwa na kuungwa wakati huo. Sihisi chochote. Naendelea kupalilia.