Pangaboi Linalotazama Lango

Mwanamke huyu anaitwa Pangaboi, na jina hilo alipewa na baba yake mwenyewe. Binti huyo alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, kazi ya heshima, mpaka siku alipokata mabati ya mapipa, akayapaka rangi za kuwaka, akayapachika kwenye ekseli za baiskeli na kuyasimamisha uani yazungushwe na upepo. Baba akayatazama weee, kisha akasema, "Mwanangu, watu hununua pangaboi liwaletee upepo. La kwako linasubiri kuletewa." Mtaa mzima ukacheka, jina likaganda.

Lakini mzee huyohuyo ndiye aliyekuwa mkaguzi wake. Pangaboi hakazi nati mpaka mwisho. Huacha nafasi ndogo, unene wa ukucha, ili gololi zicheze. Halafu baba hujaza mashavu na kupuliza. Bati lisipotikisika kwa pumzi ya mzee, kazi inarudi mezani, hata kama mteja amesimama mlangoni.

Mwaka huu baba akapata kiharusi. Mkono hauendi, ulimi hauendi, yamebaki macho. Kitanda chake kiko ghorofa ya kwanza ya hospitali, dirishani, na chini yake palikuwa na ua mtupu. Pangaboi akaomba ruhusa, akasimamisha hapo nguzo ndefu ya mabati saba, la manjano chini, jekundu juu. Upepo ulipoyapata, muuguzi wa wodi akaona macho ya mzee yakienda kushoto, yakirudi kulia. Daktari akasema hayo ndiyo mazoezi yake, yasikatishwe hata siku moja.

Sasa sikiliza ujinga wa watu. Jumanne asubuhi muuguzi akapiga simu. "Dada, njoo. Tangu jana mzee anakodolea dari tu. Kile kitu chako kimesimama."

Akaenda na ngazi yake na begi la vifaa, akapanda, akakuta kila ekseli imepigwa tone la kuchomelea. Na kazi yenyewe mbovu, makovu matupu. Mabati yote saba yalikuwa yametazamishwa lango kuu.

Meneja wa hospitali alikuwa hapo chini, suti imenyooka. "Leo tuna wageni," alisema. "Lilikuwa linageukageuka, picha hazitoki vizuri. Nikaagiza liwekwe sawa, rangi zote zionekane kuanzia langoni."

"Umelifunga."

"Nimelituliza, mama. Pambo likae kama pambo."

Pambo! Damu ilimchemka Pangaboi mpaka masikio yakamwasha. Mtu ana ofisi, ana kiti cha kuzunguka, halafu haoni kwamba kitu kilichotiwa gololi kimetiwa gololi ili kizunguke. Akashuka, akatoa begini grenda ya kusagia chuma, akaichomeka kwenye soketi ya kibanda cha mlinzi. Meneja akamwamuru mlinzi amzuie. Mlinzi, ambaye kila asubuhi alilitazama lile pambo akinywa chai, akaenda kumshikia ngazi.

Cheche zikaruka. Tone la kwanza, la pili, mpaka la saba. Alipozima grenda, magari ya wageni yalikuwa yanaingia, na upepo hakuna. Mabati yakabaki yametazama lango vilevile yalivyoagizwa.

"Haya, kuko wapi huko kuzunguka kwake?" alisema meneja. "Umenichafulia ua, basi. Shuka, wageni hao."

Pangaboi angeweza kulisukuma kwa mkono, lakini haukuwa utaratibu wa karakana yao. Akasogeza mdomo karibu na bati la manjano, akajaza mashavu mbele ya wageni na suti zao zote, akapuliza. Bati likasita, kisha likaenda. Akapanda kidogo, akapuliza la pili.

Akatazama dirishani. Muuguzi alikuwa amesimama kando ya kitanda, kidole juu ya kioo, akikipeleka kushoto taratibu, akikirudisha kulia, akimwonyesha jinsi macho ya mzee yalivyokuwa yakienda tena.

"Nimesema shuka," alisema meneja.

"Nikishuka, utapuliza wewe?" aliuliza Pangaboi, akajaza mashavu tena.