Nyuzi Nyeupe Ndani ya Moyo wa Ng'ombe

Kichinjio cha Garsen kilinuka damu mbichi, samadi na kwato zilizochomwa, na harufu hiyo niliibeba kwenye nywele hadi nyumbani. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Baba na mama walikuwa wamefariki, shamba letu la Tarasaa limefunikwa na mafuriko, nami nilikuwa nimeacha shule nikamwoshee mchinjaji, Mzee Guyo, matumbo ya ng'ombe ili wadogo zangu wawili, Esta na Daudi, wapate kula.

Asubuhi moja, wanunuzi wakisubiri mkaguzi wa nyama aje apige mhuri, niliupasua moyo wa ng'ombe kuondoa damu iliyoganda. Upande wa kushoto ukuta haukuwa laini. Ulijaa matuta ya nyama yaliyopishana kama mizizi ukingoni mwa mto, na kwenye vinundu viwili vinene zilishikamana nyuzi nyeupe zilizokaza. Nikasema kwa sauti, "Huyu ana minyoo moyoni." Foleni yote ikarudi nyuma. "Mimi nimemchinja mara moja," Mzee Guyo akasema taratibu, "wewe umemchinja mara ya pili. Daktari akisema si minyoo, kesho usije." Niliifikiria sufuria yetu nyumbani.

Mkaguzi, ambaye sote tulimwita daktari, alipofika aliutazama moyo ule, wala hakunicheka. "Vuta uzi mmoja," akaniambia. Nilipovuta, kipande chembamba juu yake kikajongea. "Si minyoo. Kipande hicho ni mlango. Moyo ukijikaza, damu inausukuma mlango ujifunge, na nyuzi hizi zinauzuia usipindukie nyuma."

"Na matuta haya ya ukutani, daktari? Kwa nini usiwe laini tu?"

Aliyapapasa kwa kidole, kisha akasema hajui.

"Haya, daktari naye amekwama," mnunuzi mmoja akasema. Watu wakacheka, wakasogea kutazama, na waliosogea wakaishia kununua. Mzee Guyo alinirushia kitambaa nifute mikono. "Kesho njoo mapema, binti. Lakini ukiona kitu, niulize mimi kwanza, tena kwa sauti ya chini."

Siku hizi kichinjio kina maji ya bomba, nami nina bucha yangu. Daudi yuko kidato cha tatu. Kwenye kitabu chake moyo umechorwa kuta zimenyooka kama za chumba kilichopigwa lipu. Miaka ile ningetoa chochote nipate kukisoma kitabu hicho, na bado huwa namwomba anisomee. Lakini jioni, kabla ya kufunga, nauweka moyo mmoja mezani na kuufungua upande wa kushoto. Nimefungua mingi sana, na bado sijaona miwili ambayo matuta yake yamepangwa sawa.