Nguruwe Aliyelishwa na Majirani

Mimi nina mdomo, watu wa Kayanga wanajua. Kazi yangu ni utafiti wa nguruwe, na mtu akicheka nikiitaja, namuuliza jana jioni alitafuna nini na bia yake. Basi anatulia. Tulikuwa tunatafuta mbegu: jike jeusi la kienyeji, linaloishi kwa maganda ya ndizi na lisilosumbuliwa na kupe, lipandishwe na dume la kigeni lenye mgongo mrefu, tupate nyama nyekundu isiyojaza kikaango mafuta. Kizazi cha kwanza kilitupa moyo. Cha pili kilikuwa kizuri zaidi. Cha tatu kilikuwa tumboni mwa nguruwe mmoja tu, kwa mama mmoja mjane kule Kyerwa, ukishapita Nkwenda. Wenzake wote walishauzwa na wenyewe sikukuu na harusi zilipobana.

Kule wana utaratibu wao. Nguruwe wa mtu akishika mimba, majirani wanaleta ndoo: maganda, majani ya viazi, machicha ya rubisi, pombe ya ndizi. Aliyeleta tangu mwanzo anapewa mtoto mmoja wakishaachishwa kunyonya. Ndoo yako ikikoma kuja, na haki yako imekoma. Hakuna anayeandika, na hakuna anayesahau.

Halafu homa ya nguruwe ikatangazwa vijiji vya jirani. Homa hiyo haina chanjo wala dawa, na inatembea na damu, nyama, makombo, hata viatu. Nikaweka beseni la maji ya dawa langoni kwa yule mama, nikamwambia ndoo za watu zisiingie tena.

“Daktari, unanigombanisha na majirani,” akasema.

“Bora ugombane nao kuliko umzike nguruwe,” nikamjibu. Ndivyo ninavyosema na watu, sijui kubembeleza.

Aliyeumia zaidi ni jirani wa upande wa bondeni, mwanamke wa makamo ambaye ndoo yake haikuwahi kukosa. Alikuja langoni akalalamika: amelisha miezi yote, leo afungiwe mlango watoto wakikaribia kuzaliwa? Mama akamwambia ni amri ya daktari. Jirani akanitazama mimi, akaondoka bila kuniaga.

Jumapili moja, mama akiwa kanisani, jirani akapitia nyuma ya kibanja cha migomba akaimwaga ndoo yake juu ya uzio wa banda, haki yake isije ikapotea. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Lakini ndani ya ndoo yalikuwamo makombo ya sherehe, na mifupa ya kitimoto, nyama ya nguruwe ambayo hakuna aliyejua imetoka wapi. Nusu aliwapa nguruwe wake wawili.

Wiki hiyo hiyo simu yangu ikaita asubuhi. “Mwenzako amegoma kula,” mama akasema. Nikapanda bodaboda huku najipa moyo: nguruwe akikaribia kuzaa huwa anasusa chakula. Njia nzima nilikuwa naomba nimkute anakusanya nyasi kona moja, maana nguruwe mwenye uchungu hutandika.

Nikamwamkia mama, shikamoo, akaitikia huku ananivuta kuelekea bandani. Nyasi zilikuwa pale pale tulipoziweka. Nguruwe amelala ubavu, anahema kwa shida, na kwenye kwapa ngozi imeiva wekundu unaoelekea zambarau. Kipimajoto kikapita arobaini na moja.

“Amekula nini?” nikauliza. Mama akaapa hajampa kitu kigeni.

“Ni mimi,” sauti ikatoka langoni. Alikuwa yule jirani, kanga mdomoni. Nguruwe wake wawili walikuwa wameshakufa tangu alfajiri.

Jamani, nilifoka! Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Nilikuwa nafoka bado pikipiki ikasimama, mchinjaji na gunia lake. Habari ya nguruwe mgonjwa haifichiki, na hawa watu wanainusa.

“Mama, bado anapumua,” akasema. “Nipe sasa hivi. Akishakufa si nyama tena.”

“Mpe, dada,” jirani akasema huku analia. “Usikose vyote.”

Nikasema sheria hairuhusu, nyama hiyo ikifika sokoni itaua mabanda yote njiani. Mchinjaji akacheka. “Sawa, daktari. Wewe utampa mwingine?”

Sikuwa na mwingine.

Mama akachuchumaa, akaweka kiganja tumboni mwa nguruwe. “Na watoto? Imebaki wiki tu. Huwezi kumpasua ukawatoa?”

“Naweza. Lakini wana damu yake, mama. Watatoka na homa ile ile.”

Mama akasimama akamwambia mchinjaji, “Nenda. Huyu hatoki kwenye kibanja changu.” Yule akamwita kichaa, akawasha pikipiki. Mama akamgeukia jirani. “Na wewe usisimame hapo. Kanyaga dawa, ingia, tuchimbe.”

Tukachimba katikati ya migomba, wanawake watatu. Nguruwe alikata roho tukimalizia shimo. Tukamburuta juu ya turubai, tukamshusha, nikammwagia chokaa. Hasira yangu yote ilikuwa imekwisha, nilitaka kulia tu.

Hapo tumbo la nguruwe likacheza. Mara moja, kisha tena, upande wa juu.

Jirani akafunika uso. Mama hakufunika. Akaniuliza, “Umeona?”

“Nimeona.”

“Na bado unasema tufukie?”

“Ndiyo, mama.”

Akanikabidhi jembe. “Basi anza wewe.”

Nikaanza.